Paa la Snape

Katika jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, upo mto uitwao Alde ambao mwisho wa safari yake ni wa ajabu: ukiisha kupita katika vinamasi na matete huikaribia bahari hata ukabaki baina yake na mawimbi ukingo mwembamba wa kokoto, kisha badala ya kuingia baharini hugeuka kusini, ukaenda sambamba na pwani maili nyingi kabla haujapata mlango. Juu zaidi, mahali ambapo vyombo vyenye shehena vilikuwa haviwezi tena kuupanda mto, pana daraja, na kando ya daraja pana gati, na nyuma ya gati zimesimama nyumba kubwa za matofali mekundu; mahali hapo panaitwa Snape, na habari ya paa la mojawapo ya nyumba hizo ndiyo niliyokusudia kuisimulia.

Mwenye kuzianzisha nyumba hizo alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, Newson Garrett, aliyefika Snape katika miaka ya 1840 na kutambua upesi faida ya mahali ambapo shayiri ya mashamba ya bara hukutana na maji yachukuayo vyombo mpaka London. Kwanza alisafirisha shayiri ya watu wengine wakaifanye kimea kwingine. Baadaye aliona kwamba faida kubwa ilikuwa katika kimea chenyewe, akajenga. Kimea msomaji anakijua: nafaka hulowekwa, hutandazwa mpaka iote, kisha hukaushwa kabla mche haujaula utamu wote wa punje. Lakini jambo ambalo nyumbani hufanyika kwa ungo na jua, Garrett alilifanya kwa majengo. Sakafu za kuoteshea zilitaka kuta nene ili baridi ya ndani isibadilike kwa joto la nje; matanuri ya kukaushia yalitaka moto chini, sakafu ya matundu juu yake, nafaka juu ya sakafu, na juu ya nafaka nafasi kubwa tupu, paa likipanda mwinamo mkali mpaka kwenye vibanda vya mbao vya kupitishia hewa, ili mvuke wa shayiri upande pasipo kizuizi na kwenda zake. Naomba msomaji aziweke moyoni sifa hizi, yaani uzito wa kuta, urefu wa kwenda juu na utupu ulio chini ya paa, maana hakuna hata moja iliyowekwa kwa ajili ya masikio ya binadamu, na hatimaye zote zilikuja kuwa mali ya masikio.

Siwezi kumpita Garrett bila ya kuwataja binti zake, ingawa hawamo katika habari ya mbao. Elizabeth, aliyeolewa na Anderson, alipata mwaka 1865 idhini ya kuwa tabibu, mwanamke wa kwanza kuhitimu hivyo katika Uingereza, na mwaka 1908 akawa meya wa mji wa Aldeburgh, wala hakuwako mwanamke nchini humo aliyepata kuwa meya kabla yake. Na mdogo wake, Millicent Fawcett, aliwaongoza wanawake miaka mingi katika kudai haki ya kupiga kura. Mali ya kimea ilikuwa nyuma ya elimu hiyo, nami naona ni haki kulisema hilo kabla ya kuendelea.

Karibu karne moja baada ya Garrett kufika, mwaka 1937, kijana mmoja mtunzi wa muziki, Benjamin Britten, mzaliwa wa Lowestoft katika jimbo lilo hilo, alinunua kinu kikuukuu cha upepo juu ya kilima cha Snape, mahali panapotazama mto na majengo ya kimea. Katika kinu hicho, miaka ya 1944 na 1945, aliandika sehemu kubwa ya opera yake ya Peter Grimes, habari za mvuvi aliyekataliwa na watu wa mji wake, iliyochezwa mara ya kwanza London tarehe 7 Juni 1945. Tarehe hiyo itarudi. Mwaka 1948, pamoja na mwimbaji Peter Pears na mwandishi Eric Crozier, Britten alianzisha tamasha la muziki la Aldeburgh, mji mdogo wa wavuvi maili chache kutoka Snape, na tamasha likakua kuliko mji. Ukumbi uliokuwapo, uliojengwa kwa ukumbusho wa jubilei ya Malkia Victoria, ulichukua watu mia tatu hivi. Wacheza ala walibanana, na opera zilipunguzwa ziingie. Kazi kubwa zilihamishiwa makanisani, hasa Orford na Blythburgh, ambako mvumo wa sauti ulikuwa mzuri lakini viti vilikuwa vya kutubia dhambi, na nguzo za mawe zilimnyima msikilizaji mmoja kati ya kila wachache haki ya kumwona mwimbaji.

Basi mwaka 1965, kazi ya kimea ilipokoma Snape na majengo yakabaki matupu, Britten aliyaangalia kwa jicho lililoyazoea miaka zaidi ya ishirini, akaona katika jengo kubwa kuliko yote ukumbi aliokuwa akiutafuta. Alimwendea Ove Arup, muhandisi mwenye asili ya Denmark ambaye katika ujana wake alisoma falsafa kabla ya kusoma uhandisi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilionekana katika kazi zake zote. Wakati huo watu wa Arup walikuwa wakihangaika na makombe ya zege ya jumba la opera la Sydney, kazi iliyoanza 1959, na jumba lenyewe halikufunguliwa mpaka 1973. Lakini mwaka 1963 Arup alikuwa ameanzisha pia jamii nyingine ya kazi, Arup Associates, ambayo ndani yake mchora ramani na muhandisi walikaa meza moja tangu siku ya kwanza, ili asiwepo mmoja wa kuota na mwingine wa kulipa gharama ya ndoto. Kazi ya Snape alikabidhiwa mmoja wao, Derek Sugden, muhandisi mwenye mapenzi makubwa ya muziki, aliyekuwa hajapata kujenga ukumbi wa namna hiyo hata mmoja.

Hapa sina budi kusimama kidogo nieleze ilikuwa elimu gani aliyoweza kuitegemea. Mpaka mwisho wa karne ya 19 wajenzi walifuata bahati na mfano wa waliotangulia. Ukumbi ulipotoka mzuri walishukuru, ulipotoka mbaya walitundika mapazia. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa chuo cha Harvard katika Marekani, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kutibu chumba cha mihadhara ambamo neno la mhadhiri lilikawia hewani hata likalifunika neno lililolifuata. Usiku, mji ulipolala, Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaiongeza mmoja baada ya mmoja, huku akipima kwa saa na kwa masikio yake muda sauti iliochukua kutoweka. Na alfajiri, kabla ya wanafunzi, waliirudisha mito mahali pake. Katika kazi hiyo ya ubebaji ilizaliwa kanuni: muda wa mvumo huongezeka kwa kadiri ya wingi wa hewa iliyomo ukumbini, na hupungua kwa kadiri ya vitu vinywavyo sauti, yaani mapazia, mazulia, mito, na zaidi ya vyote miili na nguo za wasikilizaji wenyewe. Ukumbi wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ndio wa kwanza kujengwa kwa hesabu hiyo. Matokeo yake kwa mjenzi ni amri moja nyepesi kuitamka na ngumu kuitimiza: kila mtu unayemkaribisha akae, mpe hewa juu ya kichwa chake, mita za ujazo nane au hata kumi, ama sivyo atainywa sauti kabla jirani yake hajaisikia.

Aliyetazama nyumba ya kimea kwa kanuni hiyo aliona kwamba Garrett alikuwa amekwisha lipa sehemu kubwa ya gharama. Kuta zilikuwapo, nazo zilikuwa nene na nzito, upana ulikuwapo, palihitajiwa kuondoa sakafu na kuta za ndani zilizogawanya jengo, kuimarisha kuta za nje, na kuezeka upya. Kwa hiyo neno zima la uhandisi wa Snape lilikuwa juu, katika paa.

Na katika paa, mbao. Iko imani iliyoenea sana, miongoni mwa wapenzi wa muziki hata zaidi ya wengine, kwamba ukumbi wa mbao huimba kwa sababu ni wa mbao, kama fidla. Kwamba ubao una utamu wake ambao huupokea muziki na kuurudisha umeiva zaidi. Imani hii ni nzuri, nami nasikitika kuivunja. Ukumbi wa Musikverein wa Vienna wa mwaka 1870, Concertgebouw wa Amsterdam wa 1888, na huo wa Boston, ambao wajuzi wengi huuweka pamoja na hizo mbili katika safu ya mbele duniani, ndani yake sehemu kubwa ni lipu juu ya matofali au juu ya dari, na mapambo yake ya dhahabu ni lipu iliyopakwa rangi. Kifua cha fidla ni chembamba, tena kimekusudiwa kitetemeke, maana kazi yake ni kuchukua mtikisiko mdogo wa uzi na kuukabidhi hewa. Ukuta wa ukumbi kazi yake ni kinyume cha hiyo: nguvu yote imekwisha kuwamo hewani, na ukuta ukitetemeka huiiba. Tena wizi huo huangukia kwanza sauti nene, za zeze kubwa na ngoma na mkono wa kushoto wa piano, hata muziki ukabaki mkavu na mwembamba, kama mtu aliyenyang'anywa kivuli chake. Mbao nyembamba zilizopigiliwa mbele ya uwazi, ambazo kumbi nyingi zimevikwa kwa nia njema, ndizo wezi wakubwa. Ubao unaoufaa ukumbi ni ubao mnene, mzito, uliofungwa imara, ambao sifa yake kubwa ni kunyamaza.

Ikiwa hivyo, kwa nini kuezeka kwa mbao? Kwa sababu ya umbo na uzito wake mwenyewe, na kwa sababu ya nyumba ile. Sisi wa pwani twajua jinsi boriti inavyotawala nyumba: vyumba vya mawe vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko, ikilazwa juu ya kuta mbili, haiwezi kuvuka upana mkubwa bila ya kulegea katikati. Ubao unaolazwa hubeba kwa kupindika, na kupindika ndiyo namna dhaifu ya kubeba. Lakini makombamoyo mawili yakiegemezwa yakakutana juu, mzigo hushuka ndani yake kwa kuyabana kutoka ncha hata ncha, na mti husimama imara sana ukibanwa hivyo. Tatizo ni miguuni: makombamoyo hutaka kuteleza kwenda nje, na kuzisukuma kuta; na kuta kuukuu za matofali, hata zikiwa nene, huweza kubeba uzito mkubwa ushukao wima, lakini hazipendi kusukumwa kwa ubavu. Ndipo huja kiungo cha tatu, kinachofunga mguu huu na mguu ule, na pembetatu hiyo tunaiita kenchi. Kiungo hicho hakibanwi, huvutwa. Na kitu kinachovutwa hakipindiki wala hakihitaji unene, hujinyoosha tu. Hivyo Sugden na wenzake waliyafanya makombamoyo kuwa ya mbao nene, na vifungo kuwa vya chuma chembamba, kila maada ikapewa kazi iliyoumbiwa. Mtu akitazama juu katika ukumbi ule huona mbao zikipanda gizani, na baina yake mistari ya chuma myembamba kama kalamu ilivyopita juu ya karatasi, na nafasi yote ya paa ikawa wazi, imeunganika na nafasi iliyo chini yake. Hapakuwekwa dari. Kuweka dari kungekuwa kuikata hewa ambayo kanuni ya Sabine iliidai. Na makenchi yenyewe, yakiwa njiani mwa sauti, huivunja na kuitawanya, isirudi kwa pigo moja kali bali ilainike.

Juu ya mgongo wa paa viliwekwa vibanda vinne vya kupitishia hewa, kwa mfano wa vile vya matanuri. Zamani vilitoa mvuke wa shayiri. Sasa vinatoa joto la watu mia nane na zaidi waliokaa kwa saa mbili. Nalipenda jambo hili kuliko yote ya Snape, kwa kuwa hapana uwongo ndani yake: vibanda havikubakizwa vikawa pambo la kukumbukia, vilipewa kazi.

Ndani, matofali ya kuta yalisafishwa yakaachwa uchi, bila ya lipu. Jukwaa halina tao la mbele la kuwatenga wachezaji na wasikilizaji. Wote wamo chumba kimoja chini ya paa moja. Viti ni vya mbao na henzirani, kwa mfano wa viti vya jumba la opera la mtunzi Wagner huko Bayreuth, wala si kwa kukosa fedha ya mito: kiti chenye mto mnene hunywa sauti hata kisipokaliwa. Ukumbi ulipokwisha, mvumo wake ulikaa hewani karibu sekunde mbili, muda unaoipa okestra joto bila ya kuyachanganya maneno ya mwimbaji, na sauti nene zilibaki nzima.

Malkia Elizabeth wa Pili aliufungua tarehe 2 Juni 1967. Britten alikuwa ameandika kazi ya kwaya na okestra kwa siku hiyo, The Building of the House, ambayo maneno yake yametolewa katika Zaburi ya 127, ile inayozungumza juu ya wajenzi na nyumba. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya neema. Kampuni ya Decca iligundua kwamba ukumbi ulikuwa mzuri kwa kunasia muziki kama ulivyokuwa kwa kuusikiliza, na Britten aliongoza humo okestra ya English Chamber. Na mwezi wa Februari 1969 opera ya Peter Grimes, iliyoandikwa katika kinu cha kilimani, ilipigwa filamu humo kwa ajili ya televisheni ya BBC, yeye mwenyewe akiiongoza.

Kisha ikafika tarehe 7 Juni 1969, siku ya kwanza ya tamasha la mwaka huo, miaka ishirini na minne kamili tangu Peter Grimes ilipochezwa mara ya kwanza. Usiku huo, wasikilizaji wakiwa wamekwenda zao, ukumbi uliwaka. Gogo nene la mti huungua polepole, makaa ya nje yakiukinga moyo wake kwa muda, na kwa sababu hiyo si kweli, kama watu wengi wanavyodhani, kwamba mbao nene ni dhaifu kuliko chuma mbele ya moto. Chuma kikifikia joto la digrii mia tano na hamsini hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Lakini subira ya mti ina mpaka. Nafasi ile ya juu, ndefu, wazi, iliyokuwa rafiki wa muziki, moto nao huipenda. Kulipokucha hapakuwa na paa, hapakuwa na jukwaa wala viti. Palikuwa na kuta nne za matofali zimezunguka makaa. Mapambo ya opera ya Mozart, Idomeneo, iliyokuwa ichezwe siku chache baadaye, yaliteketea pamoja na nyumba.

Tamasha halikukatizwa. Idomeneo ilichezwa katika kanisa la Blythburgh, na maonyesho mengine yakarudi katika ukumbi mdogo wa jubilei na makanisani, palepale yalipokuwa yametoka. Na Britten aliazimia, majivu yakiwa bado yana joto, kwamba ukumbi utakuwapo tena kabla ya Juni ya mwaka ufuatao.

Ni mara chache muhandisi hupewa nafasi ya kuijenga kazi yake mara mbili, na walio wengi, wakiipata, hushawishika kuibadili. Sugden alikuwa ameusikia ukumbi wake kwa miaka miwili, ameketi ndani yake kama msikilizaji, na alijua kilichokuwa kizuri. Marekebisho yalifanywa kwa ajili ya usalama na kwa ajili ya kazi za nyuma ya jukwaa. Lakini paa lilirudishwa kama lilivyokuwa: makombamoyo mazito, vyuma vyembamba, mwinamo uleule, vibanda vinne mgongoni. Kazi ilimalizika kwa wiki 42. Tarehe 5 Juni 1970 Malkia alikuja tena. Nadhani hakuna heshima kubwa zaidi iwezayo kupewa hesabu za mjenzi kuliko hiyo, kwamba watu waliopoteza jengo lote, wakiwa huru kujenga watakavyo, walimwomba lilelile.

Sugden mwenyewe hakuwa tena mtu yule aliyefika Snape mwaka 1965. Kazi ya sauti ilimshika, akaendelea na majumba ya muziki na ya michezo ya kuigiza maisha yake yote, na mwaka 1980 alikuwa mmoja wa walioanzisha idara ya Arup iliyoshughulika na elimu ya sauti peke yake; ukumbi mkubwa wa Bridgewater katika Manchester, uliofunguliwa 1996, unahesabiwa katika kazi zake.

Britten aliandika opera moja ya mwisho, Death in Venice, akijua kwamba moyo wake ulikuwa ukichoka, na aliwakawilisha matabibu mpaka alipoimaliza. Walimpasua mwezi wa Mei 1973. Mwezi wa Juni opera ilichezwa Snape mara ya kwanza, Pears akiimba, wala mtunzi hakuwamo. Ilipofika Septemba, alipopata nguvu kidogo, wachezaji walirudi wakaicheza tena katika ukumbi uleule kwa ajili yake, naye akaletwa, akakaa chini ya makenchi, akaisikia.